Siku Tatu na Dawa ya Madoa

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haja ya kulificha hilo. Nikikuta unywele kwenye chakula nasukuma sahani, na siku hiyo nimefunga. Choo cha stendi sijawahi kukiingia. Heri nibanwe na mkojo kutoka Nairobi hadi Garissa. Ndugu zangu hunicheka, husema nilizaliwa ndani ya beseni la sabuni. Mtu wa namna hii ndiye hasa asiyepaswa kukabidhiwa nyumba ya mama yake aisafishe. Mimi nilikabidhiwa, tena kwa kuomba mwenyewe.

Jambo lenyewe lilianza na kifua cha mama. Alikohoa wiki baada ya wiki, mpaka kaka yangu mkubwa, ambaye ana duka Garissa na hupeleka bidhaa hadi Elwak, akampakia garini na kuniletea Nairobi. Daktari alimpima, kisha akauliza analala wapi na chumbani mna nini. Mama akajibu kwa Kisomali, nami nikatafsiri huku uso ukiniwaka: kuna magunia, kuna vyombo, kuna vitu vya watu, na mvua ikinyesha kuna mbuzi wawili. Na darini je? Kuna popo. Daktari aliandika dawa, akaweka kalamu chini. Alisema dawa itakiondoa kikohozi, na nyumba hiyo itakirudisha.

Kaka aliyapokea maneno hayo kwa furaha ambayo hata hakujisumbua kuificha. Miaka mingi amekuwa akitaka kuibomoa ile nyumba ajenge vyumba vya kupangisha. Tulizozana kwenye simu mpaka sauti ikanikauka. Mama alitaka kitu kimoja tu, arudi kwake. Alikaa kwangu ghorofa ya nne, ukingoni mwa kitanda, tasbihi mkononi, na kila akimaliza kuswali ananigeukia: "Hooyo, lini?" Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, kama vile mwana anavyomwita yeye. Mwishowe kaka akaniwekea sharti.

"Isafishe ile nyumba mpaka mimi niweze kukaa sakafuni mwake nile pilau," alisema. "Ukiweza, atarudi. Ukishindwa, naita fundi."

Mama naye alikuwa na lake. "Tupeni mnachotaka," aliniambia. "Mengi ni takataka, najua. Lakini dhiil yangu ibaki."

Dhiil ni chombo cha maziwa, kinasukwa kwa mizizi myembamba iliyobanana mpaka kinashika maziwa bila kuvuja. Hiyo ya kwetu bibi yangu alimsukia mama alipoolewa, huko upande wa Wajir. Ukame ulipowamaliza ngamia wao, wazazi wangu walikuja Garissa juu ya lori, na katika vyote walivyokuwa navyo ndiyo pekee iliyofika. Haya yote nilikuwa nimeyasikia mara mia. Nikamwambia sawa, itabaki. Kusema kweli nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja, maana nilikuwa nikiandika orodha ya sabuni.

Nyumba yetu haiko mbali na mto. Ni vyumba viwili na stoo, matofali ya simenti, bati juu. Mafuriko ya mwisho yalipoingia yalifika magotini, na yalipotoka hakuna aliyetoa kitu nje kikauke. Kila kitu kilikaushwa na joto palepale kilipokuwa. Nilipofungua mlango siku ya kwanza, ile harufu ilinipokea mlangoni kama mwenye nyumba. Ilikuwa mkojo wa mbuzi, tope lililooza, mavi ya popo, mafuta yaliyochacha, na juu ya hayo yote udi, maana mama hufukiza udi kila jioni. Udi juu ya mavi ni mbaya kuliko mavi yenyewe. Nilizungusha mtandio puani mara mbili, na bado niliisikia harufu hiyo kooni.

Tulikuwa watatu. Kaka alinitafutia mtu wa mkokoteni wa punda, mwanamume mkimya kutoka vijiji vya chini ya mto, na mdogo wake mama, habaryar wetu, alikuja bila kuitwa. Alisema amekuja kusaidia. Alikuja kuchagua.

Tulianza na sofa. Zilikuwa za mahameli, rangi ya damu ya mzee, na sehemu ya kuwekea mikono ilikuwa bado imevikwa plastiki ya dukani, miaka yote hiyo, ili zisichafuke. Chini ya plastiki ukungu wa kijani ulikuwa umestawi vizuri kuliko mboga za shambani. Mtu wa mkokoteni aliponyanyua mto wa kwanza, panya mkubwa alimrukia kifuani, na pale alipotoka palikuwa na watoto wake saba, wekundu, hawana nywele, wanajinyonganyonga ndani ya sponji. Mimi nilipiga kelele. Habaryar aliinama akawatazama.

"Ni wadogo tu hao," alisema, kama mtu anayesifia watoto wa jirani.

Kisha friji. Friji hiyo ilikufa zamani, ikawa kabati. Ndani mlikuwa na dawa zilizoisha muda, chupi za baba, Mungu amrehemu, betri zilizovuja, na chini kabisa bati la mafuta ya msaada, aina ile inayouzwa sokoni ikitoka kambi ya wakimbizi ya Ifo. Niliukwanyua mfuniko kwa bisibisi. Ilikuwa nyirinyiri. Nyirinyiri nzuri haina mfano: nyama inakatwa vipande vidogo, inakaangwa mpaka inakauka, inahifadhiwa ndani ya samli. Hii ilikuwa imebaki kwenye harusi ya kaka, na mtoto wa kwanza wa kaka sasa ananyoa ndevu. Samli ilikuwa imegeuka kijivu yenye mishipa ya kijani, na juu yake palikuwa na miguu ya mende bila mende. Habaryar akachovya kidole. Nilimwona kwa macho yangu haya. Akachovya, akalamba, akatafakari.

"Bado iko na ladha," alisema.

Nilitapika nyuma ya choo, na kwa kuwa choo chenyewe kilikuwa pale, nikatapika tena.

Kilichojaza stoo ndicho hicho mama alichokiita vitu vya watu. Mama ni mtu wa amana. Mtu akisafiri, akihamia Rhamu, akienda ng'ambo, anamwachia sanduku, na mama analipokea hata halifungui. Yalikuwa yamepangwa hadi darini. Moja mchwa walikuwa wameliingia chini wakala nguo zote zilizokuwamo, wakaacha sanduku lenyewe limesimama, na nilipoliinua likamwaga udongo miguuni kwangu. Wenye baadhi ya masanduku walikuwa wamekufa. Nilitaka yote yaende jalalani, lakini hapo habaryar alisimama mlangoni akakataa katakata, amana haitupwi. Basi tukayahamishia kwenye stoo ya kaka, naye akanuna siku nzima. Kwa mara ya kwanza nilimwona habaryar kama mtu, ila haikudumu. Dakika chache baadaye alikuwa amemkalia kooni mtu wa mkokoteni.

"Wewe, hii meza usibeleke jalala," alimwambia kwa Kiswahili chake. "Hii beleka kwangu. Na hiyo fiti fiwili bia."

"Viti vina kunguni, mama," alisema yule mtu.

"Kunguni ni ya nani? Kunguni nayo ni ya dada yangu. Beleka."

Mikokoteni tisa ilikwenda jalalani siku hiyo na iliyofuata. Niliusindikiza mmoja, sijui kwa nini, labda kuhakikisha. Kule wamejaa wale korongo wenye kipara, warefu kama watoto wa darasa la tatu, wananing'iniza kifuko chao cha shingo na kujinyea miguuni ili wapoe. Sofa ya kwetu iliposhuka walisogea taratibu, wakaanza kupasua mto. Nilijiambia, haya, hao ndio wageni wa kukalia sofa ile. Nilicheka peke yangu na mtu wa mkokoteni akanitazama kwa jicho la pembeni.

Siku ya pili ilikuwa ya popo. Kaka alileta watu wakang'oa dari, na kilichoanguka sitakieleza kwa ukamilifu. Kilianguka kwa uzito, kikavu juu, kibichi chini. Kilinifika ndani ya kola. Nilikwangua sakafu kwa koleo, nikamwaga maji, nikakwangua tena, na kila nikidhani nimefika kwenye simenti, bado. Majirani walipita kuchukua vilivyobaki. Mmoja alikunja godoro la mama lenye ramani za mkojo wa wajukuu wote, akaliweka kichwani, akanishukuru kwa dua ndefu. Niliitikia amina huku nikirudi nyuma hatua moja. Habaryar aliniona.

"Naa, msichana wewe, unakunja uso kana kwamba wewe ulinyonyeshwa na mzungu," alisema.

Nitasema ukweli: nilichukia kila kitu mle ndani. Nilichukia uchafu, na nilimchukia mama kwa kuishi nao, na nilijichukia kwa kumwacha miaka yote nikimtumia simu na salamu. Chuki hizo tatu ndizo zilinipa nguvu mikononi. Kila nilichokisugua nilikisugua kana kwamba kimenitukana.

Siku ya tatu asubuhi tulipaka chokaa, tukatandika mkeka mpya wa plastiki, maua mekundu ukuta hadi ukuta. Nyumba ilikuwa nyeupe, tupu, inanuka dawa. Habaryar alikuwa ameshaondoka na meza yake. Kilichobaki ni dhiil, ukutani, kwenye msumari juu ya pale kilipokuwa kitanda.

Niliitungua kwa vidole viwili. Nje ilikuwa nyeusi na inanata. Nikaondoa kifuniko nikachungulia. Ndani mlikuwa na masizi mazito, tabaka juu ya tabaka, yanang'aa kama lami, na harufu ya moshi, ya maziwa yaliyoganda, ya mafuta ya zamani. Nikasema, astaghfirullah, humu ndimo tulimonyweshwa?

Hapa lazima nijieleze, ingawa haisaidii. Nilipelekwa shule ya bweni nikiwa na miaka minane. Kazi ya dhiil hufanywa alfajiri, nami likizo alfajiri nilikuwa nimelala. Nilikuta maziwa yameshamiminwa kikombeni, yananuka moshi, na kwa kuwa sikuyapenda nilidai chai. Sikuwahi kuuliza moshi ule uliingiaje. Nilidhani ni uzembe wa jikoni.

Na pia nilikuwa na daktari kichwani. Mama alisema ibaki, na ilikuwa inabaki. Sikutaka tu ibaki vile. Nilitaka arudi aikute inapendeza.

Nilichemsha maji. Nikaweka sabuni ya unga, nikaongeza dawa ya madoa, vifuniko vitatu, halafu cha nne kwa kuwa nilikuwa nimepandwa na hamasa. Nikailoweka nzima kwenye beseni. Nikachukua brashi ya chupa nikaingia ndani kabisa, nikasugua mpaka bega likaniuma. Maji ya kwanza yalitoka meusi tititi. Ya pili meusi. Niliyamwaga kwa raha, nasema kweli, nilikuwa na raha ya mtu anayekamua jipu. Maji ya tano yalitoka ya rangi ya chai, nikatosheka. Niliianika juani kwenye bati, na jua la Garissa mnalijua. Alasiri ilikuwa kavu, rangi ya asali, na misuko ya bibi yangu inaonekana yote, mshazari ukipanda na mwingine ukishuka. Nilikuwa sijawahi kuiona ile misuko. Nikaipiga picha.

Kaka alikuja na pilau. Alikaa sakafuni, akala, akapapasa mkeka, akatazama bati juu. Aliona na dhiil kwenye msumari wake.

"Mashallah, imekuwa mpya," alisema. Yeye ni mwanamume wa mjini, angejuaje. Kisha akanawa mikono na kusema neno ambalo hajawahi kuniambia tangu tuzaliwe: "Umenishinda. Mlete."

Mama alifika Ijumaa baada ya swala. Alishuka garini mwenyewe, akakataa mkono wangu, akaingia kwa mguu wa kulia. Alisimama katikati ya chumba. Alisema Alhamdulillahi, na sauti yake ikamrudia kutoka ukutani, akageuka kutazama nani amesema. Kisha akaketi. Nilimwona akiutafutia mgongo wake mahali pa kuegemea palipokuwa na masanduku, na masanduku hayakuwepo, akakaa wima.

Majirani wanne walikuja kumpa pole na hongera, na habaryar pamoja nao. Mwanamke anayetuuzia maziwa ya ngamia alileta galoni moja, akasema leo ni zawadi. Mama alifurahi. Kwake mgeni hapewi maziwa kutoka galoni.

"Yamimine kwenye dhiil, hooyo," aliniambia, "yakae kidogo, halafu uwape."

Niliitungua nikamletea kwanza aione. Naungama nilikuwa nasubiri sifa. Mama aliishika. Kidole gumba chake kilipita juu ya misuko, taratibu, kikaenda na kurudi. Alifungua kifuniko, akakifunga. Wageni walikuwa wanatazama.

"Mimina," alisema.

Nilimimina. Haikuchukua muda nikaona tone likitokea chini, halafu jingine, maziwa yanadondoka juu ya maua mekundu ya mkeka wangu. Niliharakisha kugawa vikombe. Jirani wa kwanza alionja, akakiweka kikombe chini na kujipangusa midomo kwa pembe ya mtandio, kwa adabu. Wa pili alikohoa. Habaryar hana adabu hizo. Alitema. Alitema sakafuni, mbele ya miguu yangu, kwa kishindo.

"Sabuni!" alisema. "Subhanallah! Naa, umeosha dhiil na sabuni?"

Nikasema ilikuwa chafu.

Wanawake walitazamana. Mmoja alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Habaryar alinieleza kwa sauti ya kumweleza mtoto au mgeni: dhiil haioshwi. Kila alfajiri unaingiza ndani kijinga cha moto cha mti maalumu, unakizungusha, unafunika, moshi unaua kilichomo na kuziba matundu, na weusi ule ndio unaoshika maziwa yasivuje wala yasiharibike. Ule ndio usafi wake. Kila msichana anajua. Aliposema kila msichana, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na niliujua ule uso. Ulikuwa wangu. Ndio uso niliokuwa nao siku tatu nzima, mbele ya panya, mbele ya godoro, mbele ya kidole chake ndani ya samli. Sijawahi kuona haya namna ile.

"Mimi sionji ubaya," mama alisema.

Alikuwa na kikombe chake mkononi. Akakinywa, hakukiondoa mdomoni mpaka kikaisha. Kisha akanyoosha mkono akachukua cha habaryar, akakinywa nacho. Machozi yalimlenga, ya dawa, si ya kitu kingine. "Ni maziwa mazuri," alisema. "Kunyweni. Binti yangu amefanya kazi kubwa." Hakuna aliyekunywa. Akachukua cha jirani. Nilimshika mkono nikamwambia, hooyo, basi, na akautoa mkono wangu kwa upole na kumaliza.

Wageni walipoondoka nilipiga magoti kupangusa mkeka. Nilimwambia nitatafuta huo mti, hata kama ni Wajir, nitaifukiza kila siku mpaka irudi kama ilivyokuwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Moshi wangu naweza kuutia hata kesho," alisema. "Wa mama yangu siwezi. Aliitia moshi mwaka mzima kabla hajanipa." Akatazama kuta zangu nyeupe. "Mwambie kaka yako ajenge."

Nilimwuliza ana maana gani, na hali nilijua. Nilimkumbusha jinsi alivyonililia Nairobi, nilivyogombana, nilivyokwangua. Hakukasirika. Alisema nyumba imekuwa nzuri sana, na kwamba hakuna mahali ndani yake pa kukaa yeye. Kama ni kuwa mgeni, alisema, afadhali awe mgeni kwangu, angalau kule choo kiko ndani.

Kaka amekwisha kubomoa. Mama anaishi nami, kikohozi kimekwisha, daktari anatusifu. Kila asubuhi namwekea maziwa ya pakiti kwenye glasi safi, na kila asubuhi anainua glasi hiyo na kunywa mpaka mwisho bila kupumzika, na mimi nasimama pale sina ujasiri wa kumwuliza yana ladha gani.